*KAULI YA TAWI: SALIO LA BANDO NI MALI YA ALIYELIPA*



Ukinunua debe la mahindi sokoni kwetu, muuzaji haji nyumbani baada ya siku 7 kuchukua yaliyobaki. Kwenye bando ndivyo inavyokuwa. Unalipa kwanza, muda ukifika kilichobaki kinafutwa.

*Tuhesabu kwa shilingi.* Mwaka 2022 Serikali ilieleza kuwa bei elekezi ya MB moja kwenye kifurushi ni kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35. Kwa bei hizo, anayefutiwa MB 400 amepoteza kati ya Sh 812 na Sh 3,740. Mama anayeshusha ndizi kutoka Masama hana fedha ya kutupa namna hiyo.

*Masharti yapo.* TCRA iliagiza kwamba kuanzia Aprili 2021 mteja ajulishwe matumizi yanapofika asilimia 75 na 100, aweze kumhamishia bando mtu wa mtandao uleule, na aendelee kutumia salio akinunua kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Wakati huohuo bei mpya zilipanda, wananchi wakapiga kelele nchi nzima, na ndani ya siku chache Serikali ikazisitisha. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba kelele zetu hazisaidii.

*Tatizo ni hilo sharti la mwisho.* Kifurushi kilekile, tena kabla ya muda. Mwenye mshahara anaweza. Mkulima wa kahawa, muuza mboga na kijana wa bodaboda wananunua kadiri fedha inavyoingia. Bando likiisha leo na soko ni keshokutwa, salio limekwenda. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayefutiwa mara nyingi zaidi.

Makampuni yanasema muda mfupi ndio unaofanya bando liwe nafuu. Hoja hiyo tunaielewa, na hatuombi muda ufutwe. Tunaomba mteja apewe nafasi ya kurudi.

*Msimamo wa Tawi:*
1. Muda ukiisha, salio lisifutwe. Lishikiliwe siku 30.
2. Mteja akinunua bando lolote ndani ya siku hizo, hata dogo kuliko la kwanza, salio lake lirudi.
3. Mbunge wetu wa Hai alifikishe jambo hili bungeni.

Hapo hakuna anayelazimishwa kushusha bei hata senti moja. Ni kumwachia mtu alichokwisha kukilipia.

*Wakati tunadai, tufanye haya:* Ukiona muda unakaribia kuisha, mhamishie mwanao au jirani wa mtandao wako. Usifute SMS za ununuzi, ndizo ushahidi wako. Ukikatwa isivyo halali, lalamika kwanza kwa mtoa huduma wako. Usiposikilizwa, nenda TCRA Kanda ya Kaskazini, Arusha. Asiyejua kuandika malalamiko afike ofisi ya Tawi, tutamsaidia bila malipo na bila kumuuliza kadi ya chama.

Manung'uniko ya kijiweni hayamfikii mtu. Malalamiko 100 yaliyoandikwa na kusainiwa yatafika.

Tafadhali sambaza kwenye magrupu yote ya kata.

_Imetolewa na:_
*Katibu Mwenezi*
*Tawi la Kwa Sadala, Wilaya ya Hai*