Dunia Bila Watu

Injini inayoendesha mchezo wa Far Cry 2 inaitwa Dunia. Ndiyo, dunia hii hii unayoijua wewe. Studio ya Ubisoft kule Montreal, Kanada, ililichukua neno hilo, ikaunda nchi ya Kiafrika isiyo na jina, ikaitia vita, almasi, malaria na nyasi zinazoshika moto upepo ukivuma. Kisha ikasahau kutia watu.

Mchezo ulitoka Oktoba 2008. Wahakiki wa Marekani na Uingereza waliupokea vizuri, na kadiri miaka ilivyosonga ukawa kipenzi cha wale wanaoandika kuhusu gemu kama sanaa. Tom Bissell aliujadili kwa kirefu katika kitabu chake Extra Lives cha 2010. Sababu zao nazielewa, maana gemu yenyewe nimeicheza hadi mwisho. Unaiona vita kwa macho ya mamluki aliyetumwa kumuua muuza silaha anayeitwa the Jackal, na kabla hujafanya lolote malaria inakulaza kitandani. Bunduki zinashika kutu na kukwama. Rafiki aliyekuokoa jana, leo anakufa mikononi mwako akiomba mofini. Ushujaa hakuna.

Tena aliyeongoza ubunifu wa mchezo, Clint Hocking, hakuwa mtu wa hivi hivi. Mwaka 2007 aliikosoa BioShock, gemu nyingine ya kufyatua risasi yenye hadithi nzito, kwamba hadithi yake inasema jambo moja na uchezaji wenyewe unasema lingine. Kwa hiyo Far Cry 2 ilipofika, wahakiki walichukua rula hiyo hiyo. Je, hadithi na uchezaji vinapatana? Vinapatana. Basi, kazi nzuri.

Lakini jamani, rula hiyo inapima nini? Inapima kama mamluki anajisikia vibaya ipasavyo. Haiulizi mwenye nchi yuko wapi.

Lalamiko lililorudiwa zaidi kuhusu mchezo huu lilikuwa vizuizi vya barabarani. Unaua walinzi wote, unaenda zako, ukirudi baada ya muda mfupi wamejaa tena na wanakumiminia risasi. Wachezaji walichoka. Mimi pia nilichoka, ila kwa sababu nyingine.

Mwaka huo huo wa 2008, mwezi Januari, matatu tuliyopanda ilisimamishwa na vijana waliopanga mawe barabarani. Aliyeingia alikuwa na panga, na hakumgusa mtu. Alisema neno moja tu: kitambulisho. Alisoma jina, akamwangalia mwenye jina, akasoma tena. Kisha akatusemesha kwa lugha ya mama yake ili aone nani ataitikia na nani atababaika. Mama aliyekaa kando yangu alinishika mkono, na hatukuwa tunajuana. Kijana yule nilimtambua sura, maana alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma stejini.

Hicho ndicho kizuizi. Kinauliza wewe ni nani, na anayeuliza ana jina, ana kwao, na kesho kutwa mtakutana sokoni. Katika Far Cry 2 hakuna anayeuliza. Ukionekana tu, risasi. Wahakiki walilalamika kwamba walinzi wanarudi upesi mno. Sikuona waliolalamika kwamba hawana la kusema.

Msinielewe vibaya. Sisemi raia hawamo kabisa. Wapo wachache, wamejificha nyuma ya milango, unawapelekea hati za kusafiria nao wanakupa dawa ya malaria. Yupo padri. Yupo mwanahabari, Reuben Oluwagembi, na ebu tazama kazi aliyopewa: anatafuta kanda za mahojiano aliyofanya na the Jackal. Hata Mwafrika mwenye kalamu amewekwa pale ili tusikie falsafa ya Mzungu anayeuza bunduki.

Watetezi watasema hiyo ndiyo shabaha yenyewe. Gemu inamshtaki mamluki, inaonyesha kwamba ugonjwa wa nchi ile ni yeye na mabwana zake, na raia hawaonekani kwa sababu wamekimbia. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini kesi gani hii ambayo mshtakiwa yupo, wakili wake yupo, na mlalamishi hajaitwa? Mchezaji anaondoka kortini akijisikia mwenye hatia, tena akijipongeza kwa kujisikia hivyo. Aliyechomewa nyumba hakusema kitu.

Hocking hakuficha kwamba alitoka kwa Heart of Darkness ya Conrad. Na Chinua Achebe alishamjibu Conrad mwaka 1975, katika mhadhara huko Massachusetts: Afrika imefanywa pazia la nyuma, ili Mzungu mmoja apate mahali pa kurukwa na akili. Wahakiki wa gemu walimtaja Conrad kwa furaha, maana jina lake liliipa gemu hadhi ya fasihi. Ukikaribisha fasihi, basi karibisha na ugomvi wake.

Linganisha na Resident Evil 5 ya 2009. Kionjo chake cha 2007 kilimwonyesha Mzungu akiwapiga risasi wanakijiji weusi, na zogo likazuka, kwa haki kabisa. Far Cry 2 iliponea wapi? Iliwaondoa wanakijiji kabla kamera haijafika. Picha mbaya ya mtu ilipigiwa kelele, kutokuwepo kwa mtu kukaitwa ukomavu.

Na sisi je? Watoto wetu wanalipa shilingi chache kwenye vibanda vya PlayStation mtaani na kushinda humo mchana kutwa, huku wahakiki wetu wa fasihi wakiona gemu ni mambo ya kitoto. Tumewaachia wengine waamue ipi ina hadithi nzuri, kisha tunashangaa rula yao haina kipimo chetu. Mimi ninalo swali moja la kuanzia, na si geni kwa aliyepita barabara zetu mwaka ule. Kwenye kizuizi hiki, nani ameulizwa jina?