Keki ya mpira haipimwi kwa kilo

Sisi waokaji wa Kitale tumejifunga wenyewe kwa mizani. Mteja akipiga simu kutoka Bungoma, swali lake la kwanza ni, "Mama, kilo ni pesa ngapi?" Kwa keki ya mraba sina ugomvi na swali hilo. Mizani humlinda mteja, naye anaweza kuipima keki nyumbani akitaka. Ugomvi wangu ni keki ya mpira.

Mpira wa saizi 5 una upana wa sentimita 22 hivi. Keki ya ukubwa huo, pamoja na krimu na aisingi, hukaribia kilo 4. Kwa bei yangu ya shilingi 1,800, hiyo ni 7,200. Keki ya mraba ya uzito huo naimaliza kabla watoto hawajatoka shule. Ya mpira hunilaza macho.

Naoka nusu mbili kwenye mabakuli ya stili. Kingo hukauka huku katikati bado ni uji, kwa hiyo napunguza moto na kungoja. Tena Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi: keki huumuka upesi kabla haijashika, kisha hubonyea. Beking pauda napunguza, maziwa naongeza kidogo. Keki laini ya mayai mengi haifai. Nataka ya siagi, nzito, inayovumilia kisu. Nusu ya chini naichomeka mirija, juu yake kadibodi, ndipo ya pili ikae bila kuiponda mwenzake. Kitako nakiparaza kidogo, la sivyo mpira utafanya kazi yake ya kubingirika.

Halafu vipande. Mpira ambao kila mtoto anautaka ni ule wa Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico: pembetano 12 nyeusi, pembesita 20 nyeupe. Kila upande wa kipande ni kama sentimita 4 na nusu, na ukikosea milimita chache kwenye kipande cha kwanza, cha mwisho hakitaingia. Mashabiki wa klabu ya Ingwe, nao Bungoma ni wengi, hutaka bluu badala ya nyeusi. Mpira wa Kombe la Dunia la 2014 ulikuwa na vipande 6 tu, lakini hajatokea mteja wa kunihurumia kwa kuagiza huo.

Bungoma iko chini ya Kitale kwa karibu mita 500, na joto lake si la huku. Krimu ya siagi tupu itateleza kabla ya sala ya kufungua sherehe, kwa hiyo nachanganya mafuta ya mgando. Ipo pia safari: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, na matuta yote ya katikati. Keki naikatia kiti chake kwenye matatu, kondakta apende asipende. Hayo yote mizani haiyaoni.

Wenzangu wananiambia nikipandisha bei, mteja atakwenda supamaketi. Aende. Nimeona mipira inayotoka kwenye mashine ya duka kubwa: picha iliyochapwa juu ya keki bapa. Anayeitaka hiyo hajanikimbia, maana hakuwa akitafuta ninachouza. Ninaowaogopa zaidi ni waokaji wenzangu wanaokubali mpira kwa bei ya kilo ili wapate picha ya kuweka kwenye simu, kisha wanalipia umeme kwa pesa za mandazi.

Desemba hii, maagizo yakianza, bei yangu ya mpira mzima ni shilingi 12,000, na nauli ya kiti juu yake. Asiyezifikia nitamfanyia nusu mpira uliolala juu ya keki ya mraba yenye aisingi ya kijani, uwanja kamili na mistari yake. Hiyo, sawa, tutaipima kwa kilo.