Zuhura: Hesabu ya Hasara Imekosewa

Wanaodai kuwa vyombo vya Kisovieti vilivyotumwa Zuhura vilikuwa hasara tupu, eti viliungua bila faida, wanahesabu vibaya.

Ni kweli vingi viliharibika. Tena mwaka 1982 Venera 14 ilipatwa na kioja: kifuniko cha kamera kiliangukia pale pale mkono wa kupimia udongo ulipolenga. Ukapima kifuniko!

Lakini Venera 7 ilipotua mwaka 1970, ilidhaniwa imezimika papo hapo. Kanda zilipochambuliwa upya zikakutwa dakika 23 za mawimbi hafifu, taarifa za kwanza kabisa kutoka kwenye uso wa sayari nyingine.

Venera 13 je? Iliundwa idumu dakika 32. Katika joto la nyuzi 457 hivi ilidumu 127, ikatuma picha za rangi. Hadi leo hakuna chombo kilichoivunja rekodi hiyo Zuhura.