Ua wa Nyumba Yako Baada ya Magharibi



Ndugu wasomaji, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo: bustani. Tena si bustani ya mchana, bali ile ya kukaa jua likishazama. Rai yangu ni kwamba familia nyingi hapa Bujumbura tunapanga ua wa nyumba kana kwamba tunaishi humo saa sita mchana, na saa hiyo hakuna mtu. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni au kwenye shughuli zake, watoto wako shule, na wakitoka shule wanakuja madrasa. Saa ambayo wote tupo nyumbani ni ile ya baina ya Magharibi na Isha, na kidogo baada yake. Kwa nini basi ua upandwe kwa ajili ya jua?

Watu wa rika langu tunajua chanzo kimoja. Vita vilipoanza Oktoba 1993 tulikuwa watoto. Kwa miaka mingi usiku wa mji huu ulikuwa wa milio ya risasi na amri ya kutotoka nje, amri iliyokuja kuondolewa Aprili 2006. Mtoto aliyekulia humo alifundishwa kwamba giza likiingia unafunga mlango, unazima taa na unalala mbali na dirisha. Leo huyo ni baba au mama wa watu, na bado saa 12 na nusu jioni anatia komeo. Mwaka 2015 hofu ileile ikarudi, na Ramadhani ya mwaka ule, iliyoanza Juni 18, wengi tulifuturu ndani kwa ndani. Simlaumu mtu. Lakini tazama kinachotokea: nyumba ya bati inahifadhi joto la mchana, ndani hapakaliki, kijana wa kiume anakwenda kukaa barabarani kwa kuwa huko kuna upepo, na dada yake anabaki chumbani na simu. Ua upo, mtupu, umejaa giza na ndoo.

Kuna wazee watakaosema kwamba kukaa nje usiku si katika mafundisho yetu, na wanazo hoja mbili. Ya kwanza ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba usiku unapoingia watoto wazuiwe ndani. Ni hadithi sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na sisi walimu tunaifundisha. Ila hadithi hiyohiyo inaendelea kusema kwamba ikishapita sehemu ya usiku waachiwe. Yaani katazo lina mwanzo na lina mwisho, na wengi wetu tumehifadhi mwanzo tu. Ya pili ni kwamba mazungumzo baada ya Isha yanachukiwa. Ni kweli, lakini wanavyuoni wametoa humo mazungumzo ya mtu na familia yake, ya mgeni na ya elimu, na Imamu Bukhari ameweka mlango mzima juu ya kuzungumza na mgeni na ahli baada ya Isha. Kinachotakiwa ni kutokesha watu mpaka Alfajiri ikawapita. Basi ua wa jioni uwe na saa yake ya kufungwa. Kwangu mimi saa tatu inatosha, na wanafunzi wenye mtihani saa mbili na nusu.

Baada ya hayo tuje kwenye kupanga kwenyewe.

Vitabu vya bustani vinavyotoka Ulaya havitusaidii sana hapa. Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanatusimulia kwamba wakati wa kiangazi jua linazama saa nne usiku na mwanga unabaki muda mrefu. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, tofauti yake haizidi sana nusu saa, na likizama giza linakuja mbio. Kwa hiyo panga kwa ajili ya giza la kweli, ambamo pua na masikio vinafanya kazi zaidi kuliko macho.

Anza na mahali pa kukaa, kabla hujanunua hata mche mmoja. Mji wetu uko baina ya milima upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka: hewa iliyopoa inateremka kutoka milimani kuelekea ziwani. Maana yake ni kwamba miti ya harufu ukiipanda upande wa ziwa, harufu yote inakwenda kwa jirani. Ipande upande wa milimani, wewe ukae chini yake kwa upepo. Usiniamini mimi, toa jiko la makaa nje saa moja jioni, utazame moshi unaelekea wapi, kwa kuwa kuta za majirani nazo hupotosha upepo.

Wengi hupenda kukaa chini ya mwembe. Mchana sawa. Usiku mwembe unaziba mwezi, mbu wanajificha humo, na msimu wa maembe popo wanakuangushia kokwa kichwani. Sogeza mkeka nje ya kivuli chake, mahali penye mbingu wazi. Mwezi mpevu, zile siku za tarehe 13, 14 na 15, unachomoza juu ya milima jua linapozama, na hilali unaitafuta upande wa magharibi, juu ya milima ya Kongo. Basi upande wa magharibi usipandwe kitu kirefu. Na kibla chetu hapa ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Ukiutandika mkeka wa jioni kwa mwelekeo huo, hutahitaji kuugeuza adhana ya Isha ikisikika. Umeme ukikatika, jambo tulilolizoea, nyota zinajitokeza nyingi, na mtoto anaweza kuonyeshwa Kilimia katika miezi ya mwisho wa mwaka.

Sasa mimea. Kiswahili chetu kina neno moja, ua, kwa kinachochanua na kwa mahali penyewe, na nadhani watu wa pwani waliyaona mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja. Kina mama wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaujua asumini: vikonyo vinachumwa alasiri vikiwa vimefumba, vinatungwa, na usiku ndipo vinafunguka na kunukia. Huo ndio mmea wa kwanza ninaoupendekeza. Ni mweupe, hauwi mkubwa, unakubali chungu, unataka jua la mchana na maji ya kutosha, na unaoteshwa kwa kukata kijiti tu. Wa pili ni mrehani, ambao majani yake hunukia ukiyagusa kwa nguo unapopita, basi uwe kando ya njia. Mwenye nafasi aongeze franjipani, ule mti wenye maua meupe ya katikati ya njano, ambao harufu yake huzidi usiku. Mlangilangi, ambao ndugu zetu wa Visiwa vya Komoro wanauza mafuta yake dunia nzima, ni mti mrefu. Ua wa Buyenzi hauutoshi.

Bugenvilea ninaiacha, ingawa najua nitawaudhi wengi, maana mji mzima unaipenda. Haina harufu, ina miiba, na rangi yake nyekundu usiku ni nyeusi tupu. Jicho la binadamu katika mwanga hafifu linapoteza rangi nyekundu mapema kuliko nyingine. Nyeupe ndiyo hubaki. Ndiyo maana hata ukuta ukipigwa chokaa nyeupe unasaidia kuliko taa mbili, hasa usiku wa mbalamwezi.

Hapa nawaonya wazazi. Lile ua kubwa jeupe linaloning'inia kama tarumbeta, ambalo wengi hapa huliita datura, linanukia vizuri sana usiku, na lina sumu kuanzia jani mpaka mbegu. Penye mtoto mdogo lisiwepo kabisa. Hali kadhalika ule mti ambao wanaozungumza Kifaransa huuita bibi wa usiku: harufu yake inafika nyumba ya tatu, lakini matunda yake si ya kuliwa, na mwenye pumu au kuumwa kichwa hataustahimili.

Mbu ni hoja nzito kuliko zote. Machi 2017 serikali ilitangaza kwamba malaria imekuwa mlipuko nchini, na sisi wa tambarare ya Imbo hatuhitaji kukumbushwa. Watu husema panda mchaichai, mbu watakimbia. Mchaichai uliosimama tu haumfukuzi mbu. Ni mafuta yake yakipakwa, nayo ni kwa muda mfupi. Upande kwa ajili ya chai. Kinachosaidia ni kutoacha maji yaliyotuama: sahani za chini ya vyungu, matairi, mabido yaliyokatwa. Mbu anatoka yai hadi kuruka kwa wiki moja hadi siku kumi hivi, basi kila Ijumaa mwageni. Nguo ndefu tunazo, alhamdulillah. Na walio chini ya miaka mitano waingie kwenye chandarua mapema, bila mjadala.

Kwa sababu hiyo siungi mkono vidimbwi, hata vikiwa vizuri namna gani. Kule Agra, India, ng'ambo ya mto Yamuna ikitazamana na Taj Mahal, ipo bustani iitwayo Mehtab Bagh, yaani bustani ya mwanga wa mwezi, ya zama za Shah Jahan. Wataalamu walioifukua miaka ya 1990 walikuta birika kubwa la pembe nane, ambalo lilionyesha sura ya Taj Mahal ndani ya maji. Uzuri ulioje! Lakini mwaka 1652 mwanawe, Aurangzeb, alimwandikia baba yake barua kumjulisha kwamba bustani hiyo imefunikwa na mafuriko. Wasomaji wetu wa Gatumba, na wale walioona ziwa likipanda mwaka 2024, wanaelewa barua ile bila mfasiri. Mwenye kukaa karibu na ziwa, Rusizi au Ntahangwa apande katika vyungu na ndoo, vitu vinavyobebeka.

Taa iwe ya njano, hafifu, na ikae chini, nyuma ya mnaokaa. Zile taa za jua zenye mwanga mweupe mkali huvuta wadudu na kumwonyesha jirani wa ghorofani kila mnachokula. Faragha ya kina mama ni sehemu ya mpango, si nyongeza: kama ukuta ni mfupi, weka matete au mmea wa kutambaa upande huo tu.

Najua wengi wa Buyenzi na Bwiza wanachangia ua mmoja familia tatu au nne, na pengine pembeni kuna gari linatengenezwa na mafuta yamemwagika chini. Kwao nasema kona moja inatosha: mkeka, vyungu viwili vya asumini, ukuta mmoja uliopakwa chokaa, na makubaliano kwamba jioni redio haifunguliwi kwa sauti kubwa. Waliofika Unguja wameona Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena Julai 2009. Usiku inajaa familia, wazee, watoto na wauza vyakula, na wote wanabanana mahali pamoja. Sisi kando ya ziwa letu sehemu nyingi za usiku ni mabaa na mahoteli, si mahali pa kumpeleka mama yako. Mpaka tupate Forodhani yetu, ua wa nyumbani ndio huo.

Vijiti vya asumini huchomekwa mvua zinapoanza, mwezi wa Oktoba, urefu wa shubiri moja, majani ya chini yakiwa yameondolewa. Mwenye mti uliokomaa akate vya ziada, aje navyo madrasa baada ya darasa la Alasiri, wapo watakaovipokea.