Biashara ya Familia: Barua ya mwezi kwa wateja, iwe na picha ama maandishi matupu?

 

Mwezi huu tunajibu swali lililoletwa na vikundi vya sabuni na vya cherehani. Wanasema hivi: tumeanza kupata wateja wa mbali, tunataka kila mwezi kuwapelekea habari za bei na za bidhaa mpya, na vijana wetu wanasema njia ni barua pepe. Sasa hiyo barua iwe na picha na rangi kama zile za makampuni makubwa? Ama iwe karatasi iliyopangwa vizuri, ibandikwe ndani ya imeli? Ama maandishi tu?

Sisi tunasema maandishi tu. Kuna mahali pawili ambapo tunakubali vingine, tutapafikia. Lakini kwanza tumwangalie mteja mwenyewe ni nani, na barua inamkuta wapi.

Mteja wa mtaa wa pili hana haja ya barua, anapiga hodi. Hapa kambini Gasorwe biashara imekuwa hivyo tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 2002: mnajuana, mnakopeshana, habari inatembea kwa mdomo pale kwenye bomba la maji. Barua inahitajika mahali ambapo mdomo haufiki. Tuseme kikundi cha sabuni ya mawese kina wateja Muyinga mjini, halafu kikapata duka moja Gitega, na kupitia duka hilo wakajulikana hadi komine Gishubi: duka lingine, shule yenye bweni, kituo cha afya. Kutoka Muyinga kwenda Gitega unapita Karuzi, na ukifika Gitega bado unatafuta gari la kukupeleka Gishubi. Si mnakumbuka petroli ilivyokosekana nchini mwaka 2022, na tena 2024? Nauli ilipanda na magari yakawa ya kubahatisha. Mama akibeba katoni zake safari yote hiyo, akakuta mteja alinunua kwingine jana, faida ya mwezi inaliwa na barabara. Na ndani ya faida hiyo mlikuwa na daftari za watoto na rejesho la kikundi cha akiba.

Basi kazi ya barua ni hiyo: katoni itoke hapa ikiwa imekwisha kupata mwenyewe. Uzuri wa barua tuupime kwa kazi hiyo.

Vijana wanapenda barua ya rangi, na tunawaelewa. Kuna huduma kwenye intaneti, kwa mfano Mailchimp iliyoanza mwaka 2001, ambazo zinakupa barua iliyokwisha kupangwa, wewe unaweka picha zako na maneno yako. Inapendeza kweli ukiitazama kwenye kompyuta. Shida ni kwamba anayeipendezesha siye anayelipa kuifungua. Anayelipa ni yule wa Gishubi, kwa mega zake.

Hebu tupige hesabu. Barua ya ukurasa mmoja ina herufi kama 1,500, na maandishi yake peke yake yana uzito wa kilobaiti 1 na nusu hivi. Picha moja ya simu ya siku hizi inafika kwa urahisi mega 3. Ukiibandika kwenye imeli inaongezeka kwa theluthi, maana imeli inageuza picha kuwa herufi ili iweze kusafiri, kwa hiyo 3 zinakuwa 4. Picha moja ya kipande cha sabuni, ambacho mteja anakijua tangu zamani, ina uzito wa barua zaidi ya 2,000. Mtu aliyenunua mega za siku moja atafanya nini? Ataiacha, aseme nitaisoma kesho. Kesho haifiki.

Hata mwenye kompyuta ya ofisi haioni lazima. Outlook, inayotumika sana maofisini, kwa kawaida haifungui picha zinazotoka nje mpaka msomaji abonyeze kuziruhusu. Sasa ukiwa umeandika bei ndani ya picha, yeye anaona sanduku tupu. Gmail nayo, barua ya rangi ikizidi kilobaiti 102 bila kuhesabu picha, inaikata na kumwambia msomaji abonyeze aone iliyobaki. Ile ya kwenda siberi, kutengeneza tangazo zima kama picha moja na kuituma bila neno lolote pembeni, ndiyo mbaya kuliko zote. Barua ya namna hiyo huangukia kwa urahisi kwenye sanduku la taka.

Ni kweli huduma nzuri hutuma sura mbili kwa pamoja, ya rangi na ya maandishi, na chombo cha msomaji kinachagua. Lakini ile ya maandishi lazima mtu aiandike vizuri. Ukiwa umekwisha kuiandika vizuri, biashara ya wateja 30 inatafuta nini tena?

Kuhusu karatasi ya kubandika, yaani PDF, hatuikatai yote. Hapa ndipo mahali petu pa kwanza. Shule, kituo cha afya au shirika likitaka kununua kwa fedha za ofisi, mhasibu anaomba proforma: jina la kikundi, bidhaa, idadi, bei, tarehe, sahihi na muhuri. Hiyo inatakiwa ikae kama ilivyo, isibadilike, ichapwe, iwekwe kwenye faili. Itume PDF, lakini kwa huyo aliyeomba tu. Kuwatumia wateja wote PDF kila mwezi ni kuwapa kazi ya kuvuta karatasi kubwa kwenye kioo kidogo, kushoto na kulia, wakitafuta bei iko wapi.

Mahali pa pili ni kwa akina mama wa cherehani. Mkoba wa kitenge hauuziki kwa maneno. Ndugu aliyehamishiwa Marekani, Kanada au Australia akitaka kununua mikoba kwa ajili ya kanisa lake, lazima aone kitambaa. Basi weka picha moja, siyo kumi, tena uipunguze kwanza iwe kilobaiti 100 hivi. Na juu yake uandike kwa maneno rangi, urefu, bei, na njia ya kulipa, ili hata picha isipofunguka awe amejua anachouziwa.

Sasa maandishi matupu yanaandikwaje? Kwanza kichwa cha barua. Wengi wanaandika "Habari" au "Salamu kutoka kikundi chetu". Msomaji mwenye barua 40 hawezi kujua kuna nini ndani. Kichwa kibebe bidhaa na siku. Halafu barua yenyewe, mfano kama hii:

Kichwa: Sabuni ya mawese: tunafika Gishubi Alhamisi 12 Machi

Mheshimiwa mteja, tunakusalimu. Alhamisi tarehe 12 Machi, saa 3 asubuhi, tutakuwa sokoni Gishubi. Bei haijapanda. Tunazo katoni 20. Atakayeagiza kabla ya Jumanne tarehe 10 tutamwekea. Kuagiza ni kujibu barua hii na kuandika idadi ya katoni, basi. Usipotaka tena barua zetu, jibu HAPANA nasi tutaliondoa jina lako.

Imekwisha. Hakuna historia ya kikundi, hakuna shukrani kwa wafadhili. (Hayo weka kwenye ripoti, yana mahali pake.) Faida nyingine ya maandishi ni lugha. Mteja wa Gishubi anasoma Kirundi, ofisi inataka Kifaransa, sisi tunaandika Kiswahili. Kubadilisha mistari sita ni kazi ya robo saa kwa kijana aliyesoma hapa. Kubadilisha picha iliyochorwa ni kurudi siberi na kulipa tena. Angalieni tu saa: saa 3 asubuhi kwa Kiswahili na Kirundi, kwa Kifaransa ni 9h. Ukiiacha 3h karani ataelewa usiku wa manane.

Tuje kwenye jambo ambalo kwetu sisi wakimbizi lina uzito kuliko rangi na picha zote. Katika imeli kuna sehemu tatu za kuweka anwani: À, Cc na Cci. Simu iliyowekwa kwa Kiingereza inaita ile ya tatu Bcc. Ukiweka wateja wako wote kwenye À au Cc, kila mmoja anaona anwani za wenzake wote. Ukiwaweka kwenye Cci, kila mmoja anajiona peke yake. Kwenye À weka anwani ya kikundi chenyewe.

Mfanyabiashara wa kawaida anaweza kusema, kuna hatari gani? Kwetu ipo. Katika orodha ya wateja wetu kuna watu waliokimbia watu, siyo vita tu. Kuna mama aliyemkimbia mume mwenye fujo. Kuna mzee ambaye kijijini alikotoka wapo wanaouliza mpaka leo yuko kambi gani. Anwani nyingi zina jina kamili la mtu ndani yake. Barua ikishatoka na majina 30 wazi, mmoja akimpelekea rafiki, na rafiki akampelekea mwingine, huwezi tena kuirudisha. Kwa hiyo yule kijana anayetuma barua za kikundi akalishwe chini na kuelezwa, na kabla hajabonyeza kutuma, mtu wa pili aangalie anwani ziko sehemu gani. Tunaomba viongozi wa vikundi walichukue hili kama wanavyochukua ufunguo wa sanduku la akiba.

WhatsApp nayo ni hivyohivyo. Kundi linaonyesha namba za watu wote waliomo. Kuna kitu kingine ndani yake, orodha ya kusambaza, ambapo kila mtu anapokea peke yake na haoni wengine. Inachukua watu hadi 256. Ila ujumbe unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako katika simu yake, kwa hiyo siku ya kwanza mwombe aihifadhi mbele yako.

Na wale wasiokuwa na imeli wala WhatsApp? Ndio wengi, hasa vijijini. Kwao ni mesaji ya kawaida, nayo ina sheria yake: herufi 160 kwa ujumbe mmoja, nafasi zikihesabiwa. Mfano huu una herufi 139:

Sabuni ya mawese, bei ni ileile. Tunafika Gishubi Alhamisi saa 3 asubuhi, sokoni. Agiza kabla ya Jumanne kwa namba hii. Kikundi cha sabuni.

Kuna mtego hapo ambao unakula yunite za watu bila wao kujua. Ukitia kichoro cha kucheka au ua, ujumbe wote unabadilishwa namna ya kuandikwa, na badala ya herufi 160 unapata 70. Ile mesaji ya herufi 139 inagawanyika vipande vitatu, kwa sababu zikiunganishwa kila kipande kinabeba 67 tu, na unalipa vitatu. Kwa Kifaransa iko tatizo lilelile: é, è na à hazina shida, lakini ê, ô, â na ç ndogo zinaweza kukupeleka kwenye 70. Neno "prêt" peke yake linatosha. Andika "pret", mteja ataelewa.

Swali moja lililobaki ni la mara ngapi. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa sabuni. Kwa nguo, tuma kabla ya shule kufunguliwa na kabla ya sikukuu, halafu nyamaza. Na jina la mtu lisiingie kwenye orodha kwa sababu tu uliliona mahali. Umwulize, akubali. Kwa walio ng'ambo hili hata ni sheria: nchi za Umoja wa Ulaya zinataka mtu akubali kwanza, na Marekani kwa sheria ya mwaka 2003 inataka barua ya biashara iwe na njia ya kujitoa na anwani ya posta ya anayetuma. Kikundi kisicho na sanduku la posta kizungumze na parokia au shirika linalokisimamia, kama kinaweza kutumia lao. Anwani ya nyumba ya mtu msiiweke.

Mtu akijibu HAPANA, futa jina lake siku hiyohiyo, kwenye daftari na kwenye simu, zote mbili. Wapo wanaofuta kwenye simu, mwezi unaofuata kijana mwingine anarudisha majina yote kutoka kwenye daftari, na mteja anapata barua tena. Mwezi ujao tutaongea juu ya hilo daftari lenyewe: nani alishike, na lilale wapi.