Mwacheni Ndaye Apumzike

Usiku wa tarehe 16 Novemba 2025, hapa Biryogo, tulikuwa watu kama ishirini mbele ya televisheni moja. Kongo na Nigeria, mjini Rabat, mchujo wa Kombe la Dunia. Moja kwa moja, dakika za nyongeza, halafu penalti. Mbemba akaweka mpira chini, akapiga, ukaingia. Vijana wakatoka mbio barabarani. Mama wa chai akamimina sukari mezani badala ya kwenye kikombe, na hakuna aliyemdai.

Hazikupita dakika tano. Muzee mmoja, ambaye sisi wote tunamheshimu, akatikisa kichwa, akasema: "Sawa, tumeshinda. Lakini hawa nao ni washambuliaji? Bakambu? Wissa? Batoto ba Ulaya bale! Ndaye alifunga tisa. Tisa! Hawa bakipata moja banaenda kulala."

Kijana mmoja akamjibu bila adabu kwamba zamani mabeki walikuwa wanasimama kama miti ya mipapai. Basi vita ikaanza. Furaha tuliyoisubiri miaka ikageuka kesi ya nani mkubwa, nani mdogo. Mwenyeji wetu mmoja wa Nyamirambo akacheka: "Nyinyi na Ndaye wenu, sisi na Jimmy Gatete wetu." Ni kweli. Hapa Kigali kila mshambuliaji wa Amavubi anapimwa kwa Gatete, kwa sababu ya yale mabao mawili ya 2003, moja dhidi ya Uganda kule Kampala na moja dhidi ya Ghana hapa Kigali, yaliyowapeleka Wanyarwanda kwenye Kombe la Afrika la 2004. Ugonjwa ni mmoja.

Ninaandika kuupinga ugonjwa huo. Sisemi kwamba kulinganisha wachezaji ni dhambi, maana hata mimi napenda. Nasema kwamba namna tunavyolinganisha sisi wakimbizi, na namna wanavyolinganisha wanaotusaidia, inaumiza watoto. Nafundisha watoto mpira kila Jumamosi, kwa hiyo nayaona.

Kwanza tumpe Muzee haki yake. Kombe la Afrika la 1974, kule Misri, Ndaye Mulamba wa Vita Club alifunga mabao 9 katika mechi 6. Mawili kwa Gine, moja kwa Morisi, mawili kwa Misri yenyewe mbele ya watu wake, baada ya Zaire kuwa nyuma kwa mbili. Fainali na Zambia iliisha mbili kwa mbili, ikarudiwa, ikaisha mbili bila. Mabao yote manne ya Zaire katika fainali hizo mbili ni ya Ndaye. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Laurent Pokou wa Kodivaa, mabao 8 mwaka 1970. Baada yake hakuna aliyefika tisa katika mashindano mamoja, hata Samuel Eto'o, ambaye kwa jumla ya miaka yake yote alifunga 18. Mwanzoni mwa 2024, kule Kodivaa, mfungaji bora alikuwa Emilio Nsue wa Guinea ya Ikweta, na alifunga 5. Kwa hiyo kijana wa mipapai akae kimya kidogo. Kama mabeki walikuwa miti, mbona wengine hawakufunga tisa?

Sasa Muzee naye asikilize. Mwaka 1974 timu zilikuwa 8. Leo ni 24. Wakati ule timu ya Zaire ilikaa pamoja nyumbani, wachezaji wanajuana kama ndugu wa tumbo moja, na serikali haikutaka waende kucheza nje. Leo mshambuliaji wa Kongo anatua kutoka Uhispania Jumatatu, anafanya mazoezi mara mbili, Alhamisi anacheza. Yoane Wissa alizaliwa Ufaransa. Cédric Bakambu alizaliwa Ufaransa. Wangeweza kukaa kule wakangoja jezi nyingine, lakini walichagua hii. Msimu wa 2024/25 Wissa alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa Brentford, timu ambayo si ya matajiri wakubwa. Mtu wa namna hiyo tunamwita mtoto wa Ulaya kwa dharau, halafu bao lake likiingia tunasema "tumefunga". Nani amefunga?

Na Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Kodivaa kule Abidjan, wachezaji hao hao walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema juu ya vifo vya mashariki. Katika meza yetu kila mtu aliielewa ishara ile kwa namna yake, na hatutaimaliza kesi hiyo hapa. Lakini mashariki hiyo ndiyo wengi wetu tumetoka. Mwaka 1974, chini ya Mobutu, hakuna mchezaji ambaye angeweza kufanya hivyo akarudi nyumbani salama. Hilo nalo liandikwe kwenye mizani, kama kweli tunapima.

Lakini jambo linalonikera zaidi ni lingine. Tunaimba "Ndaye, Ndaye", na wengi wetu hatujui yaliyompata. Wacha niyaseme.

Miezi mitatu baada ya yale mabao tisa, Zaire ilikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hawakuziona. Walipocheza na Yugoslavia walifungwa tisa, na mapema tu Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, maana aliyempiga refa teke ni Mwepu, na refa akamchanganya. Hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho katika Kombe la Dunia.

Mwaka 1994 alialikwa Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, akaheshimiwa kwa ile rekodi. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani nyota kama huyo lazima ana pesa. Walimpiga risasi mguuni. Mguu! Alikaa hospitali miezi mingi. Baadaye akakimbilia Afrika Kusini. Ndiyo, ndugu msomaji, Ndaye Mulamba alikuwa mkimbizi kama wewe na mimi. Katika miaka ileile ya tisini ambapo wazazi wa wengi wetu walikuwa wanapanda kile kilima cha Kiziba na mashuka ya plastiki, yeye alikuwa Cape Town, analinda magari ya watu kwenye maegesho na kufundisha timu za mtaani. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumkumbuka marehemu Ndaye. Hakuwa amekufa. Ilitangazwa kuwa amekufa, ikaaminiwa, na wenye mpira wa Afrika hawakujua kwamba yuko hai. Alifariki Januari 2019, Johannesburg, mgonjwa, akiwa na miaka 70.

Sasa nakuuliza wewe unayempiga Wissa kwa jina la Ndaye: ulikuwa wapi? Tulikuwa wapi sisi wote? Jina lake tulilikumbuka kila tulipotaka kumdharau mwingine. Yeye mwenyewe tulimsahau akiwa hai.

Nimefika kwenye sababu ya kuandika.

Kuna mtoto katika timu yangu ambaye wazee walimpa jina la Ndaye akiwa na miaka 12. Ana mguu wa kushoto mzuri kweli, sikatai. Wakimwona anapita wanapiga kelele: "Ndaye huyo! Huyu atatutoa!" Mama yake anauza ndizi na karanga, na akaanza kuamini. Mtoto naye akaamini. Hesabu ikashuka, kisha Kifaransa, kisha akawa anatoroka darasani kuja kiwanjani peke yake na mpira. Nilimwambia mama, akanijibu kwa upole: "Kocha, batu bote banasema ni Ndaye." Ningesema nini? Watu wote ni wengi kuliko mimi.

Halafu mwaka juzi, siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni, kukawa na mashindano. Shirika moja, jina lake halina haja hapa, lilileta jezi, maji ya chupa na mpiga picha. Mtoto alifunga mawili. Wakampiga picha, wakasema atakuwa Alphonso Davies mpya. Mechi iliyofuata akapigwa goti. Picha ilitoka kwenye karatasi kubwa ya kung'aa, ikabandikwa ofisini. Goti lilivimba wiki tatu. Nilizunguka na mama yake nikiuliza nani atalipia picha ya mfupa. Kila meza ilinituma meza nyingine, mwisho tukachanga sisi makocha na mama wa chai. Leo anatembea vizuri. Kukimbia anakimbia, lakini si kama zamani. Na wazee hawamwiti tena Ndaye. Wamepata mwingine, ana miaka 11.

Wissa naye aliumia goti, mwezi Septemba 2025, akiwa na jezi ya Kongo. Ile mechi ya Rabat hakucheza. Klabu yake mpya, Newcastle, iliyokuwa imemnunua siku chache tu kabla, ilimtibu, na kabla ya mwaka kuisha akawa amerudi uwanjani. Hapo ndipo nauona uhondo wa ule ulinganisho wetu. Ndaye mguu wake ulipigwa risasi akaachwa. Wissa goti lake lina daktari na mkataba. Mtoto wangu goti lake lilikuwa na picha ukutani. Kwa vipaji hivyo vitatu sijui nani angemshinda nani. Ninachojua ni nani alikuwa na watu wa kumshika alipoanguka.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma kijarida hiki, na najua mnakisoma, naomba mnisamehe kwa kusema wazi. Davies alizaliwa kambi ya Buduburam, Ghana, mwaka 2000, kweli. Lakini alihamia Kanada akiwa na miaka 5. Nestory Irankunda, mtoto wa wazazi Warundi, alizaliwa Kigoma mwaka 2006, akapelekwa Australia akiwa mchanga. Awer Mabil alianza kucheza Kakuma, lakini aliondoka akiwa na miaka 10. Mkiwaonyesha watoto wetu sura hizo mnawaambia kambi inazaa nyota. Kambi haikuwafanya nyota. Walikuwa nyota kwa sababu walitoka, wakapata shule, kiwanja, daktari, karatasi za kusafiri na kocha anayelipwa. Mkitaka Davies mwingine, leteni hivyo. Jezi tunazo nyingi.

Naomba mambo machache, na sidhani ni makubwa. Kila mashindano yawe na pesa ya matibabu iliyotengwa kabla ya pesa ya jezi na mpiga picha. Mtoto akipigwa picha, mzazi wake aulizwe kwanza, na aambiwe itakwenda wapi. Wasichana wapewe saa zao za kiwanja, maana kila nyota tunayemtaja ni mwanamume na wao wanasikia. Na karatasi za kusafiri kwa kijana aliyeitwa majaribio zisichukue muda mpaka majaribio yaishe.

Na kwenu wazee wangu wa Kiziba, Kigeme, Nyabiheke, Mugombwa, Mahama na hapa mjini: tusimpe mtoto jina la mtu mkubwa. Mwiteni jina lake. Akifunga, semeni amefunga. Akitoroka shule, mrudisheni kwa sikio kama mlivyorudishwa nyinyi. Mkitaka kumtaja Ndaye, kaeni naye chini mkamsimulie yote, mabao tisa, kadi ya kosa la mwenzake, risasi ya mguu na maegesho ya Cape Town. Mtoto akisikia yote, atajua mwenyewe kwa nini anahitaji hesabu pamoja na mguu wa kushoto.

Jumamosi iliyopita yule mtoto wangu alikuja kiwanjani na filimbi shingoni. Anawafundisha wadogo kupiga pasi. Muzee wa Biryogo alikuwa amekaa kwenye tofali pembeni, anatazama. Aliniuliza polepole: "Kocha, yule kijana anaitwa nani kweli?"

Nikamtajia jina lake. Kumbe hakuwa analijua.