Siku Thelathini Hazingoji Pamba

Mkulima wa Simiyu hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka. Pamba ikishachumwa, ikapimwa kwenye chama cha msingi na kulipwa, ndipo bati, sare za watoto na deni la dukani hupata jibu. Miezi inayobaki ni ya mahindi, michembe, maziwa na mbuzi wa kupeleka mnadani. Sheria haina habari na kalenda hiyo. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hukumu ikisomwa Januari, ghala likiwa limepungua na palizi imepamba moto, siku zake zitakwisha Februari, na hakuna kitumba hata kimoja kilichopasuka shambani.

Nimeanzia shambani makusudi. Zikitajwa gharama za kesi, wengi hulifikiria dirisha la karani na risiti ya ada. Ndugu zangu, ada si neno kubwa. Kinachommaliza mtu ni njia. Tuseme mjane wa Itilima amenyang'anywa ekari nne na shemeji zake. Anaanza Baraza la Kata, usuluhishi unashindikana, anaelekezwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko anatakiwa alete mashahidi waliomwona akililima shamba lile tangu alipoolewa. Mashahidi wenyewe ni wazee wawili, na wazee hawashindi njaa kutwa nzima barazani. Kila tarehe, basi, ni nauli za watu watatu kwenda na kurudi, chakula cha watatu, na kutwa nzima ya jembe iliyopotea kwa kila mmoja wao. Wanafika, shauri linaahirishwa: wakili wa upande wa pili yuko Mahakama Kuu, au mwenyekiti ana udhuru. Katika jalada, kuahirisha ni mstari mmoja. Kwa mama yule ni mbuzi. Safari ya tano mzee mmoja anamwambia, "Mwanangu, mimi nimechoka," na shauri linakufa bila kusikilizwa.

Asipokata tamaa, akaendelea na kushindwa, ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa miaka mingi watu wa Simiyu wameifuata Shinyanga mjini, zaidi ya kilometa 100 kutoka Bariadi. Na kuna hofu nyingine isiyosemwa kwa sauti. Kwa kawaida aliyeshindwa huamriwa kumlipa mshindi gharama zake, pamoja na ujira wa wakili ambaye yeye hakumwajiri. Mwenye fedha huiona amri hiyo kama usumbufu. Mwenye ng'ombe watatu humwona dalali wa mahakama akiingia zizini. Ndiyo maana wapo wenye haki safi kabisa wanaokubali kudhulumiwa kimyakimya, nasi tunawasifu kuwa watu wapole.

Wako wajane wawili wa Kisukuma ambao wanasheria wetu wanaifahamu vizuri kesi yao. Waume zao walipofariki, walitolewa katika nyumba zao pamoja na watoto, kwa sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, ila haikuzifuta. Rufaa yao ikangoja miaka minne, na mwaka 2010 ikaondolewa kwa sababu ya kasoro katika karatasi ya amri ya Mahakama Kuu, kasoro ambayo wao hawakuitia. Ilibidi wafike mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa walinyimwa haki. Hao walikuwa na wanasheria wa kuwatetea bila malipo. Jiulize ni wajane wangapi wa Meatu na Busega wangeivuka hata hatua ya kwanza kwa mfuko wao wenyewe.

Wala si kwamba Katiba yetu imenyamaza. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zisifungwe kupita kiasi na ufundi wa kisheria. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, katika shauri la Ndyanabo, ilitangua kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichomtaka mlalamikaji aweke dhamana ya shilingi 5,000,000 kabla ya kusikilizwa. Iliona kwamba fedha isifanywe ukuta kati ya raia na mahakama. Mlalamikaji yule alikuwa mtu wa siasa. Ikiwa ukuta ulibomolewa kwa ajili ya mgombea ubunge, kwa nini usibomolewe kwa ajili ya mama wa Itilima, ambaye ukuta wake umejengwa kwa nauli?

Mwaka 2021 tulifanya mabadiliko mawili yanayogusana hapa. Mawakili walifunguliwa mlango wa Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi, na Mabaraza ya Kata yakaondolewa uwezo wa kuamua kesi za ardhi, yakabaki kusuluhisha. Najua mabaraza yale yalikuwa na upendeleo na udugu mwingi, siyatetei. Lakini uamuzi ulipoondolewa kijijini, ulipaswa kufuatwa na baraza linalosafiri. Mwamuzi mmoja akipanda gari la Serikali kwenda Lagangabilili ni nafuu kuliko wanakijiji arobaini kupanda mabasi kumfuata.

Na tusijidanganye kuwa mtu aliyefungiwa mlango wa mahakama hukaa tu nje. Sungusungu walizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wezi wa mifugo walipokuwa wakikamatwa leo na kuonekana mnadani kesho. Wananchi walitafuta haki iliyo karibu, ya haraka, isiyo na nauli. Walirudisha ng'ombe, lakini pia walipiga na kutenga watu ambao hawakupewa nafasi ya kujitetea. Wengine huenda kwa mganga, naye hutaja jina la bibi kizee wa jirani. Damu za vikongwe zilizomwagika katika ardhi hii, baadhi yake zilianzia kwenye ugomvi wa shamba au urithi ambao ungeweza kuamuliwa kwa karatasi mbili na mashahidi wawili.

Basi tufanye nini? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo hadi vijijini. Waendeeni mapema, kabla ya kumuuza ng'ombe kwa ajili ya kishoka anayejiita wakili kwenye kibanda cha kuchapa barua. Asiye na uwezo aombe kusamehewa ada, maana sheria inaruhusu na si aibu. Tunachangiana kwa msiba na kwa harusi; tumchangie nauli mjane mwenye kesi ya haki. Kampeni ya msaada wa kisheria iliyozinduliwa mwaka 2023 kwa jina la Rais Samia ilifanya jambo jema kuwapeleka wanasheria kwa wananchi. Lakini kampeni huja na kuondoka, na shemeji wa yule mjane anaishi palepale. Serikali iweke fungu la kudumu, na mawakili wetu wachukue walau kesi moja ya mnyonge kila msimu.

Kwa mahakimu na wenyeviti nina ombi dogo lisilohitaji jengo jipya. Siku ya kusoma hukumu, mwambieni aliyeshindwa, kwa Kisukuma ikibidi, siku ngapi anazo na pa kwenda. Na nakala iwe imechapwa, imegongwa muhuri, iko mezani. Akiipokea asubuhi hiyo, mama aliyetoka Mwanhuzi atapanda basi mara moja badala ya mara nne, na siku zake 30 zitakuwa 30 kweli.